Git na udhibiti wa matoleo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watengeneza programu wa Mwanza

Maswali haya hutoka kwa wanaoanza kazi ya kutengeneza programu upande huu wa ziwa. Wengine wanasoma Malimbe, wengine wanawatengenezea wafanyabiashara wa Kirumba na Igoma mifumo ya mauzo, wengine wako Nansio, kisiwani Ukerewe, na wanashirikiana na wenzao wa mjini. Majibu yote yanatumia mradi mmoja wa mfano: mfumo wa kupokea mzigo wa dagaa soko la Mwaloni, unaopima kilo, kukokotoa malipo na kuchapisha risiti.

Ukikwama kwenye Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mradi, anza kwa kujiuliza kazi yako iko wapi sasa hivi. Iko kwenye folda tu? Iko kwenye eneo la maandalizi? Imeshaingia kwenye historia ya mashine yako? Au imeshafika kwenye hazina ya mbali, yaani nakala ya mradi iliyo kwenye seva au mashine nyingine? Istilahi karibu zote za ukurasa huu ni majina ya sehemu hizo nne, au ya njia za kutoka moja kwenda nyingine.

Nanakili folda ya mradi kila Ijumaa. Kwa nini nijisumbue na Git?

Nakala ya folda inakuonyesha mradi ulivyokuwa Ijumaa ile. Haikuambii nani aligusa hesabu ya ushuru, alibadilisha mistari ipi, wala kwa sababu gani. Baada ya miezi michache unabaki na `mfumo`, `mfumo_mpya`, `mfumo_mpya_2` na `mfumo_mwisho`, na hakuna mwenye uhakika ni ipi iliyoko kwenye kompyuta ya mteja. Mkiwa wawili hali inakuwa mbaya zaidi, maana kila mmoja ana folda yake na mtu analazimika kukaa na kulinganisha kwa macho.

Udhibiti wa matoleo ni utaratibu wa kutunza kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya, wakati na maelezo yake, ili muweze kurudi hatua yoyote ya nyuma, kulinganisha hatua mbili, na kuunganisha kazi za watu mbalimbali. Haukuanza na Git. Maabara za Bell nchini Marekani zilikuwa na mfumo wa SCCS mwaka 1972, ikaja RCS mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha CVS, na mwaka 2000 mradi wa Subversion ukaanza.

Git na GitHub ni kitu kimoja?

Hapana. Git ni programu unayoiweka kwenye mashine yako. Linus Torvalds, Mfini aliyeanzisha Linux, aliiandika Aprili 2005, baada ya kampuni iliyokuwa na BitKeeper, mfumo mwingine wa kudhibiti matoleo, kusitisha ruhusa ya bure ambayo watengenezaji wa Linux walikuwa wakiitegemea. Miezi michache baadaye alimkabidhi Junio Hamano usimamizi wake.

GitHub ni tovuti inayotunza hazina za Git na kuongeza huduma za ushirikiano juu yake. Ilifunguliwa mwaka 2008, na Microsoft ikainunua mwaka 2018. GitLab na Bitbucket hufanya kazi ya aina hiyo hiyo. Unaweza kutumia Git kwa miaka bila kufungua akaunti yoyote kati ya hizo.

Bando likiisha, Git inasimama?

Haisimami, na hili ningependa kila anayeanza alijue kabla ya kukariri amri hata moja. Historia kamili ya mradi, tangu komiti (hatua iliyohifadhiwa kwenye historia) ya kwanza, iko kwenye diski yako, ndani ya folda iliyofichwa inayoitwa `.git`. Amri za `git commit`, `git log`, `git diff`, `git switch` na `git merge` hazigusi intaneti kabisa. Zinazohitaji mawasiliano ni chache: `clone`, `fetch`, `pull` na `push`.

Kwenye Subversion komiti huandikwa moja kwa moja kwenye seva, kwa hiyo mtandao ukikatika huwezi kukomiti. Git ni mfumo uliosambazwa: kila aliyekloni mradi, yaani kuunakili kwa Git, anayo historia nzima, na seva ni nakala mojawapo tu ambayo timu imekubaliana kukutania.

Upande wa pili wa jambo hili ni kwamba komiti haijatoka kwenye mashine yako mpaka uisukume, yaani uipeleke kwenye hazina ya mbali. Laptopu ikiibiwa stendi ya Nyegezi, au ikiingia maji, komiti zote ambazo hazijasukumwa zimekwenda nayo. Ndiyo maana nasisitiza tabia mbili tofauti: fanya komiti mara nyingi bila kujali mtandao, kisha sukuma kila unapopata mtandao. Usiogope gharama. Git hubana data na hutuma vile tu ambavyo upande wa pili hauna, na maandishi ya msimbo ni mepesi mno.

Hazina ni nini hasa?

Ni mradi pamoja na historia yake. Vijana wengi huiita repo. Ukiandika `git init` ndani ya folda, Git inatengeneza `.git` na folda hiyo inakuwa hazina. Ukifuta `.git`, mafaili ya leo yatabaki lakini historia yote ya hapo kwenye mashine yako itapotea. Kwa hiyo unaponakili mradi kwa flashi, hakikisha folda zilizofichwa nazo zinanakiliwa.

Kwa nini kuna `add` halafu `commit`? Hatua moja haitoshi?

Kati ya folda yako ya kazi na historia kuna eneo la maandalizi. `git add` hupeleka mabadiliko uliyoyachagua kwenye eneo hilo, na `git commit` huyachukua yaliyomo humo na kuyaweka kwenye historia.

Faida yake utaiona siku umefanya mambo mawili kwa mkupuo. Tuseme umerekebisha namna uzito wa gunia unavyotolewa, na ulipokuwa humo ukabadilisha pia rangi ya kitufe cha kuchapisha risiti. Unaweza kuandaa faili la hesabu peke yake, ukakomiti, kisha ukaandaa la kitufe na kulikomiti kwa maelezo yake. Kama mabadiliko yote mawili yako kwenye faili moja, `git add -p` itakuonyesha kipande kimoja kimoja na kukuuliza kama kiingie. Na kabla ya kukomiti, `git diff --staged` hukuonyesha hasa kinachokwenda kuingia. Soma tofauti hizo kila mara. Hapo ndipo utakapokamata mistari ya majaribio uliyosahau kuiondoa.

Komiti ni nini?

Ni picha ya mradi mzima katika hatua fulani, pamoja na jina la mwandishi, tarehe, ujumbe, na kiungo cha kurudi kwenye komiti iliyotangulia, ambayo huitwa mzazi. Faili ambalo halikubadilika haliandikwi upya. Komiti mpya inaelekeza kwenye lile lile la zamani, na kwa sababu hiyo hazina haivimbi kila unapokomiti.

Kila komiti hutambulishwa kwa hashi, mfululizo wa herufi na tarakimu 40 unaokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo kwa njia iitwayo SHA-1. Kwa matumizi ya kawaida herufi saba za mwanzo zinatosha. Kwa kuwa hashi inatokana na yaliyomo, ukibadilisha chochote ndani ya komiti, hata kosa la tahajia kwenye ujumbe, unapata komiti nyingine yenye hashi nyingine, na zote zilizoifuata nazo hubadilika. Shika hilo, litakusaidia kwenye swali la ribesi.

Ujumbe wa komiti niuandike vipi, na kwa lugha gani?

Lugha ni ile ambayo timu nzima inaisoma bila kusita. Kama wote mnazungumza Kiswahili na mradi ni wa mteja wa Mwanza, andikeni Kiswahili. Sioni sababu ya kuandika Kiingereza cha kubahatisha ambacho miezi sita baadaye hata mwandishi wake hakielewi. Kama mradi uko wazi kwa watu wa nchi nyingine, Kiingereza kitawafikia wengi zaidi. Kibaya ni kuchanganya ovyo, maana utafutaji kwa `git log --grep` unakuwa kazi.

Kuhusu yaliyomo: mstari wa kwanza uwe mfupi, karibu herufi 50, useme badiliko linafanya nini. Acha mstari mtupu, halafu eleza sababu. Tofauti za msimbo zinaonekana zenyewe. Sababu haionekani popote usipoiandika.

```
Toa uzito wa gunia kabla ya kuzidisha na bei

Wanunuzi walikuwa wanalipa kilo za gunia kama dagaa.
Karani wa mizani anaingiza uzito wa gunia mwenyewe,
kwa sababu magunia yanatofautiana.
```

Linganisha na «marekebisho» au «update». Mtu atakayefungua msimbo huo mwakani, akashangaa kwa nini uzito wa gunia haukuwekwa kuwa namba moja isiyobadilika, atapata jibu papo hapo bila kumpigia simu mtu aliyekwisha kuhama kazi.

Kwa nini komiti zangu zinatoka kwa jina la mwenzangu?

Kwa sababu mnatumia kompyuta moja, na yeye ndiye aliyeandika `git config --global user.name`. Maabara za vyuo na ofisi ndogo zina tatizo hili kila siku. Ingia kwenye folda ya mradi wako, andika `git config user.name` na `git config user.email` pamoja na taarifa zako, bila `--global`, na mpangilio utahusu hazina hiyo tu. Angalia pia kama Windows imetunza akaunti yake ya GitHub, la sivyo utasukuma kwa ruhusa zake.

Tawi ni nini? Linachukua nafasi kubwa?

Halichukui karibu chochote. Tawi ni jina linaloelekeza kwenye komiti moja, na kila unapokomiti ukiwa kwenye tawi hilo, jina linasogea mbele kwenye komiti mpya. Kwa kuwa ni rahisi kiasi hicho, fungua tawi kwa kila kazi: `git switch -c uzito-wa-gunia`. Amri ya `switch` ilikuja mwaka 2019. Kabla yake wote walitumia `checkout`, nayo bado inafanya kazi.

Tawi kuu leo huitwa `main` kwenye miradi mingi mipya. Miradi ya zamani ina `master`, na GitHub ilibadili jina la kawaida Oktoba 2020. Yote mawili ni majina tu, Git haiyapi uwezo wowote wa pekee.

`HEAD` ni nini, na maneno `detached HEAD` yananitisha.

`HEAD` ni alama inayoonyesha uko wapi kwa sasa. Kwa kawaida inaelekeza kwenye tawi. Ukihamia komiti ya zamani moja kwa moja, `HEAD` inaelekeza kwenye komiti yenyewe bila kupitia tawi, na hapo ndipo ujumbe huo hutokea. Kutazama hakuna madhara. Ukitaka kukomiti ukiwa hapo, fungua tawi kwanza ili kazi yako iwe na jina la kuishika.

Kuunganisha kunafanyikaje?

Unahamia tawi linalopokea, kisha unaandika `git merge` na jina la tawi linaloingia. Kama tawi kuu halikusogea tangu ulipoliacha, Git inasogeza tu jina mbele. Kama yote mawili yamesogea, Git inatafuta komiti ya mwisho waliyokuwa nayo kwa pamoja, inalinganisha pande mbili dhidi ya hiyo, na kutengeneza komiti ya muungano yenye wazazi wawili.

Nimepata mgongano. Nimeharibu nini?

Hujaharibu kitu. Mgongano una maana kwamba pande mbili zimegusa mistari ile ile, na Git imekataa kukisia. Tuseme kwenye tawi kuu mwenzako ameongeza makato ya ushuru, nawe kwenye tawi lako umetoa uzito wa gunia. Faili litakuwa hivi:

```
<<<<<<< HEAD
jumla = kilo * bei - ushuru
=======
jumla = (kilo - uzito_wa_gunia) * bei
>>>>>>> uzito-wa-gunia
```

Sehemu ya juu ni ya tawi ulilomo, ya chini ni ya tawi linaloingia. Wengi huchagua upande mmoja, wanafuta mwingine na kuendelea, na hapo ndipo hela za watu zinapopotea. Ukichagua juu, mnunuzi anaendelea kulipia gunia. Ukichagua chini, ushuru unatoweka kwenye risiti. Jibu sahihi hapa halikuandikwa na upande wowote:

```
jumla = (kilo - uzito_wa_gunia) * bei - ushuru
```

Na hata hilo ni sahihi iwapo tu ushuru unatokana na uzito bila gunia. Anayejua ni karani wa Mwaloni, kwa hiyo muulize mwenzako, na mwenzako akiwa hajui mtafuteni karani. Mkishakubaliana, futa alama zote, hifadhi, jaribu programu, kisha `git add` na `git commit`. Ukitaka kuacha kabla ya kumaliza, `git merge --abort` inakurudisha ulipokuwa.

Kuna hatari nyingine iliyo kimya zaidi. Mwenzako akibadili jina la kitendakazi kwenye faili moja, na wewe ukaongeza wito wa jina la zamani kwenye faili jingine, Git itaunganisha bila kulalamika hata kidogo, kwa kuwa mistari haikugusana. Programu ndiyo itakayoanguka. Endesha majaribio baada ya kila muungano, uwe na mgongano au usiwe nao.

Ribesi inatofautianaje na kuunganisha?

Ribesi huchukua komiti zako na kuziandika upya juu ya mwisho wa tawi jingine, ili historia isomeke kwa mstari ulionyooka. Kwa kuwa mzazi amebadilika, hashi zote hubadilika: hizo ni komiti mpya. Kwa hiyo fanya ribesi kwenye komiti ambazo bado ni zako peke yako. Zile ambazo wenzako wameshazivuta ziache. Anayeanza anaweza kufanya kazi nzuri mwaka mzima kwa `merge` pekee.

`origin`, `fetch`, `pull`, `push`: nini ni nini?

`origin` ni jina ambalo Git huipa hazina ya mbali uliyokloni kutoka kwake. `git fetch` huleta komiti mpya za huko na kuziweka kando kama `origin/main`, bila kugusa kazi yako. `git pull` hufanya `fetch` kisha huunganisha papo hapo. `git push` hupeleka komiti zako. Mimi hupendelea `fetch` kwanza, nikatazama kwa `git log main..origin/main` kinachokuja, ndipo niunganishe.

Ukisukuma ukaona neno `rejected`, maana yake hazina ya mbali ina komiti ambazo wewe huna. Zivute, unganisha, sukuma tena. Usikimbilie `--force`, kwa sababu inaweza kuziondoa komiti za mwenzako kwenye tawi la huko. Na kama GitHub inakataa nenosiri lako ingawa ni sahihi, ilikoma kupokea nenosiri kwa kazi za Git tarehe 13 Agosti 2021. Tumia tokeni (msimbo wa siri unaotolewa na GitHub) au ufunguo wa SSH (faili la siri linalokutambulisha).

Mwenzetu yuko Ukerewe na mtandao wake ni wa shida. Tunashirikianaje?

Git iliandaliwa kwa hali kama hii, na inasikitisha kwamba mafunzo mengi hayaigusi kabisa.

Njia ya kwanza ni fungu, yaani faili moja lenye komiti ndani yake. Ukiwa Mwanza:

```
git bundle create mfumo.bundle HEAD main
git tag imetumwa main
```

Mpe flashi mtu anayepanda meli ya Nansio. Mwenzako anaandika `git clone mfumo.bundle mfumo-dagaa`, na anapata mradi wenye historia kamili. Safari inayofuata hutumi kila kitu, unatuma kilichoongezeka tangu ile tagi, yaani jina la `imetumwa` tulilobandika kwenye komiti:

```
git bundle create mpya.bundle imetumwa..main
git tag -f imetumwa main
```

Yeye anathibitisha kwa `git bundle verify ../mpya.bundle`, kisha `git pull ../mpya.bundle main`. Faili hilo huwa dogo kiasi kwamba mara nyingi linapita hata WhatsApp kwa mtandao hafifu. Naye anakurudishia zake kwa njia hiyo hiyo.

Njia ya pili inafaa ofisi moja yenye kompyuta kadhaa na isiyo na intaneti ya uhakika. Tengenezeni kwenye mashine moja hazina isiyo na folda ya kazi, kwa `git init --bare mfumo.git`, na wote waifikie kupitia mtandao wa ndani. Hiyo ndiyo seva yenu, hakuna ada ya mwezi. Hata flashi inaweza kubeba hazina ya namna hiyo: `git remote add flashi E:/mfumo.git`, kisha `git push flashi main`. Git za tangu 2022 zinaweza kukataa flashi zikilalamikia umiliki wa folda. Ujumbe wenyewe utakupa amri ya `safe.directory` ya kuongeza.

Kwa miradi mikubwa ya mtandaoni, `git clone --depth 1` huleta hatua ya mwisho tu na kuokoa bando.

Nimekosea. Narudije nyuma?

Inategemea kazi iko wapi.

Ikiwa iko kwenye folda tu, `git restore` na jina la faili hulirudisha kama lilivyo kwenye eneo la maandalizi, na ulichoandika kinapotea moja kwa moja. Hapa Git haina cha kukuokoa, kwa sababu hukuwahi kuikabidhi. Ikiwa uliandaa kwa bahati mbaya, `git restore --staged` hutoa faili kwenye maandalizi bila kugusa maandishi yako.

Ikiwa umekomiti lakini hujasukuma, `git commit --amend` hurekebisha komiti ya mwisho, na `git reset --soft HEAD~1` huiondoa huku mabadiliko yakibaki yameandaliwa. `--hard` hufuta na mabadiliko ya kwenye folda, kwa hiyo iandike ukiwa umetulia.

Ikiwa umeshasukuma, tumia `git revert`. Inaongeza komiti mpya inayotangua ile ya zamani, na zote mbili zinabaki kuonekana. Karani wa mizani anafanya vivyo hivyo kwenye daftari: hafuti mstari wenye kosa, anaandika mwingine wa kusahihisha chini yake, ili hesabu za jana ziendelee kueleweka.

Na ukidhani umepoteza komiti, andika `git reflog` kabla ya kufanya lolote. Git hukumbuka `HEAD` ilikopita, na komiti zilizoachwa bila tawi hukaa humo kwa kawaida siku 30. Tafuta hashi, kisha `git switch -c uokoaji` na hashi hiyo. Kilichokomitiwa ni vigumu sana kukipoteza.

Nimesukuma nenosiri la hifadhidata. Nikilifuta kwenye komiti inayofuata inatosha?

Haitoshi. Komiti ya awali bado iko kwenye historia na yeyote mwenye hazina anaweza kuisoma. Badilisha nenosiri lenyewe kwanza, dakika hiyo hiyo, kabla ya kushughulika na Git. Kusafisha historia kwa `git filter-repo` kunaweza kufuata, lakini usilitegemee hilo peke yake, kwa kuwa huwezi kujua nani ameshakloni.

Kuzuia ni rahisi zaidi: weka siri kwenye faili la `.env` na uliandike jina lake ndani ya `.gitignore`, orodha ya mafaili ambayo Git isiyafuatilie, tangu siku ya kwanza. Kama lilikuwa limeshafuatiliwa, `.gitignore` haitalitoa, tumia `git rm --cached .env`.

Foki na ombi la kuvuta ni amri za Git?

Ni huduma za tovuti. Foki ni nakala ya hazina ya mtu mwingine ndani ya akaunti yako. Ombi la kuvuta ni maombi kwa wenye mradi waupitie msimbo wako na kuuunganisha. GitLab huliita ombi la kuunganisha. Faida yake kubwa ni mapitio. Hata mkiwa wawili tu, asiwepo anayeunganisha kwenye `main` bila mwenzake kusoma. Badiliko la kukokotoa malipo ya watu linastahili macho mawili ya ziada.

Tagi ni ya nini?

Ni jina lisilosogea lenyewe, unaloliweka kwenye komiti uliyompelekea mteja: `git tag -a v1.2.0 -m "Toleo la Mwaloni"`. Mteja akipiga simu kulalamika, unajua hasa anatumia msimbo upi. Kwa namba, wengi hufuata sehemu tatu: ya kwanza hupanda badiliko likivunja matumizi ya zamani, ya pili kwa nyongeza, ya tatu kwa masahihisho. Tagi hazisukumwi zenyewe, andika `git push origin v1.2.0`.

Jana risiti zilikuwa sahihi, leo siyo. Nitaijuaje komiti iliyoharibu?

`git bisect start`, kisha `git bisect bad` kwa hali ya sasa, na `git bisect good` pamoja na tagi iliyokuwa nzima. Git itakupeleka katikati. Unajaribu, unajibu `good` au `bad`, nayo inagawa tena nusu. Komiti 1,000 huisha kwa majaribio kama 10. Njia hii inakuwa na nguvu pale komiti zenu zinapokuwa ndogo, kwa sababu mwishoni unakuta mistari michache ya kuchunguza.

`git blame` nayo huonyesha kila mstari uliingizwa na komiti ipi na ya nani. Itumie kutafuta sababu ya mstari na mtu wa kumuuliza. Timu inayoitumia kusaka wa kulaumiwa itakuta watu wanaogopa kukomiti, na kazi inarudi kukaa kwenye mafolda yao.

Faili zima linaonekana limebadilika ilhali nimegusa mstari mmoja.

Windows humaliza mistari kwa alama mbili, Linux kwa moja. Weka faili la `.gitattributes` lenye `* text=auto` kwenye mzizi wa mradi, ili Git isawazishe miisho hiyo.

Picha za dagaa, mafaili ya Excel na nakala za hifadhidata niweke kwenye Git?

Picha chache za muonekano wa programu, sawa. Excel inaingia, lakini Git haiwezi kukuonyesha tofauti zake wala kuziunganisha, kwa hiyo data ya kubadilika iweke kama CSV, yaani maandishi ya kawaida yaliyotenganishwa kwa mkato. Nakala za hifadhidata ya mteja zisiingie kabisa: zina taarifa za watu, zinakuwa kubwa, na GitHub hukataa faili lolote linalozidi MB 100. Zitafutie mahali pengine pa kuzihifadhi, nje ya ofisi.

Ofisi yetu bado iko kwenye Subversion. Nisubiri wahame?

Huna haja ya kusubiri. `git svn clone` hukupa hazina ya Git iliyounganishwa na seva ya Subversion. Unafungua matawi na kukomiti kwako, kisha `git svn dcommit` hupeleka kazi huko kwa utaratibu wa ofisi. Kukloni mara ya kwanza huchukua muda mrefu kama historia ni ndefu, kwa sababu huvutwa toleo moja baada ya jingine, hivyo kuanzishe jioni ukiwa kwenye mtandao wa ofisi.